Meno Arobaini na Moja

Kwa miaka thelathini na minne Fenya Makortoff alikuwa akitengeneza meno ya bandia. Pale Glade, kijiji cha wazao wa Warusi, na vijiji vya ng'ambo ya mto, ilikuwa vigumu kumpata mtu wa makamo ambaye hajawahi kukaa kwenye kile kiti chake, mdomo wazi, akisimuliwa habari za kijiji kizima bila nafasi ya kujibu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono mitulivu na kicheko kilichoanzia tumboni na kuchukua muda kufika mdomoni. Kikishafika, hakikuzuilika.

Mumewe, Pete, alikuwa mwimbaji mzuri na fundi mbaya. Alilinunua lile pikapu lao kwa sababu rangi yake ilikuwa haijachunika, kisha akalivika matairi makubwa kwa ajili ya urembo, na tangu siku hiyo gari likawa zuri kulitazama na zito kulipanda. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Likionyeshwa mlima, lilianza kuhema.

Na mlima haukukwepeka. Kila Agosti, kwaya yao ilialikwa kuimba na kuuza borshi, supu yao ya kabichi na viazi, kwenye maonyesho ya mji wa Creston, na jiko la kwaya, yaani trela lenye masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea, lilivutwa na pikapu la Pete. Njia ilipita juu kabisa mlimani. Mwaka uliotangulia walisimama mara tatu ili injini ipoe. Mara ya tatu Grunya, dada yake Pete, aliteremka na bakuli, akachuma matunda ya porini kando ya barabara, akatangulia kwa miguu, akawasubiri kwenye maegesho ya mbele huku midomo yake imekuwa ya zambarau. Nyuma yao foleni ya magari ilikuwa ndefu mpaka watu wakaanza kusalimiana. Walipofika Creston, watu walikuwa wameshashiba soseji za jirani, na hilo, kwa kwaya ya watu wasiokula nyama tangu enzi za mababu, liliuma kwa namna yake.

Basi mwaka huu, mwezi wa Juni, Pete akawekewa goti jipya. Gereji la mjini likasema haliwezi kuligusa pikapu mpaka Oktoba. Maonyesho yalikuwa katikati ya Agosti.

Suala hilo lilizungumzwa mezani baada ya maombi ya Jumapili. Eli Perepolkin, mzee wa sauti nzito aliyetengeneza malori ya magogo maisha yake yote, aliwaeleza kwamba gari halikuwa na ubovu wowote. Ndani ya difu, pale kati ya magurudumu ya nyuma, mna gia mbili: ndogo, pinioni, inayozungushwa na injini, na kubwa, krauni, inayozungusha magurudumu. Kwenye pikapu la Pete, ndogo ina meno kumi na matatu na kubwa arobaini. Hayo ni meno ya kukimbilia, alisema, si ya kupandia. Mtu mwenye trela anataka kumi kwa arobaini na moja.

Fenya alikuwa akisikiliza kwa sikio moja mpaka aliposikia neno meno. Akauliza fundi anajuaje kama yamekaa sawa yakishaingizwa. Eli akajibu kwamba unayapaka rangi ya njano, unayazungusha yasagane, kisha unatazama rangi imefutika wapi.

Fenya akaweka kijiko chini. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa akitia karatasi ya rangi katika vinywa vya watu na kuwaambia wang'ate, kisha anatazama rangi imeshika wapi.

"Na yasipokutana vizuri?"

"Yanalia," Eli akasema. "Halafu yanavunjika."

"Basi hiyo kazi naijua."

Meza nzima ilicheka, na Eli zaidi ya wote. "Fenya, dada yangu, hiki si kinywa. Hapa ukikosea huwezi kumwambia mteja arudi Alhamisi."

"Hayo unayochekea nani kakutengenezea?"

Meno ya Eli yalikuwa kazi ya Fenya, juu na chini, na kwa miaka kumi na tisa hayakuwahi kumchubua hata mara moja.

Njiani kurudi nyumbani Pete alimwuliza mkewe kama alikuwa akitania. Fenya akasema hajui bado. Lakini usiku ule hakulala vizuri, alikuwa na furaha kama mtu aliyeahidiwa safari, na asubuhi akaagiza gia.

Sanduku lilifika baada ya siku tisa. Grunya ndiye aliyelipokea, kwa sababu Grunya alipokea kila kitu; nyumba yake ilikuwa uani kwa Fenya na macho yake barabarani. Alikuwa mwembamba kama fimbo ya kuning'inizia pazia, na sauti yake ya juu ilipasua mawingu. Yeye na Fenya walikuwa wametaniana tangu siku ya harusi, kama mawifi wanavyopaswa, na haikupita siku bila mmoja kumwambia mwenzake kwamba amezeeka vibaya. Alijaribu kuliinua sanduku, likamshinda, akalivuta juu ya zulia lake la mlangoni hadi kwenye banda la Fenya.

"Wifi," akasema akihema, "umeniletea maiti ya nani?"

Fenya alipofungua, wote wawili wakainama kutazama. Krauni ilikuwa imepakwa mafuta, inang'aa, imeviringana kama keki ya harusi, na meno yake yamejipinda yote upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Fenya akapitisha kidole. Akasema hajawahi kuona meno mazuri namna hii katika maisha yake, na wala hayatamlalamikia mtu kwamba chai ni ya moto.

Walianza Jumatatu asubuhi. Pete alidai kochi lake lisogezwe barazani ili aone bandani, akakaa pale mguu juu ya mto, na fimbo mkononi ya kugongea sakafu kila anapokuwa na ushauri. Mpaka saa nne alikuwa ameshagonga mara kumi na moja. Grunya akamwendea, akachukua fimbo, akaenda kuitundika bandani kwenye msumari.

Waliinua gari kwa jeki, wakalikalisha juu ya stendi nne nene, Fenya akalisukuma kwa nyonga kuhakikisha halitikisiki. Wakafungua kifuniko cha difu. Mafuta ya zamani yalitiririka meusi, yenye harufu ya mayai viza, na Grunya akajifunga kitambaa puani akasema sasa amejua kwa nini Fenya alitafuta msaidizi asiyelipwa. Wakatoa magurudumu na ngoma za breki. Ndani ya difu kulikuwa na vibanio viwili vidogo, kama viatu vya farasi, ndivyo vilivyozuia ekseli zisichomoke. Fenya alivitoa kwa kibano chake cha kazini, kile cha kushikia nta, na ekseli zikatoka kwa urahisi kama panga kwenye ala.

Kilichobaki ni kulitoa lile bonge la katikati lililobeba krauni. Eli alikuwa amemwonya kwamba linabana, linabana, halafu linatoka lote kwa pamoja. Fenya alikaa sakafuni, miguu huku na huku, akalichokonoa kwa mtaimbo. Likabana. Akachokonoa tena. Likatoka lote kwa pamoja, likamwangukia mapajani, kilo zake zote za chuma na mafuta, na Fenya akabaki amelikumbatia hajui alifanye nini.

"Niinulie, wifi."

Grunya alijaribu. Lakini alipomwona wifi yake amepakata difu kama mjukuu, alishindwa na kicheko, akakaa sakafuni na yeye. Fenya akaanza kucheka kwa kumwona Grunya anacheka. Kila mmoja alipotaka kusema jambo alimtazama mwenzake na kuanza upya. Kule barazani Pete, asiye na fimbo, aliuliza mara tatu nani ameumia. Hatimaye walilibingirisha pamoja mpaka kwenye gunia, na mapaja ya Fenya yalikuwa na alama nyeusi wiki nzima.

Grunya akapewa kazi ya kuhesabu meno, ya zamani na mapya, kwa kalamu ya chokaa, ili wasije wakaingiza yale yale. Alihesabu akiimba, kwa Kirusi, kwa tuni ya kuzikia. Arobaini, na kumi na matatu. Arobaini na moja, na kumi. Alirudia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alipata arobaini na mawili na Fenya akamwambia amehesabu na lake la dhahabu.

Kazi yenyewe hasa, ile ambayo Eli aliihofia, ilikuwa kina cha pinioni. Nyuma ya beringi yake hukaa vipande vyembamba vya chuma, vyepesi kuliko ukucha. Ukiongeza kimoja, pinioni inasogea ndani, ukipunguza inarudi nje. Kila mara ukibadilisha lazima beringi itolewe, na beringi hushikilia kama kupe. Fenya aliipeleka pinioni ya zamani kwa Eli ili amtolee beringi kwa mashine yake. Eli akamtolea. Lakini alipomwona anairudisha ile beringi kuukuu kwenye mfuko, akamwuliza ya nini. Fenya akamwambia ataisaga kwa ndani, kidogo sana, kwa mashine yake ya kusagia meno, mpaka iwe inaingia na kutoka kwa mkono. Ataitumia kupimia tu. Akishapata kina, ataiweka mpya.

Eli akamtazama. "Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Meno ya bandia huwa tunayajaribisha kwenye nta kwanza."

Mzee akakuna kidevu, akamwazima saa yake ya kupimia, ile yenye mshale, ambayo hata mwanawe hakuruhusiwa kuigusa.

Jumanne nzima ilikuwa ya rangi ya njano. Fenya alipaka meno matatu ya krauni kwa brashi, Grunya akazungusha, wakainama na tochi. Mara ya kwanza rangi ilifutika juu kwenye ncha. Fenya akasema, kama anavyosema kwa mteja, "Hapa unauma mbele." Akaongeza kipande. Mara ya pili alama ilikwenda chini mno, kwenye shina la jino. Akatoa kipande, akaweka chembamba zaidi, akipima kila kimoja kwa koleo lake la kupimia unene, lile alilopimia paa la vinywa vya watu. Mara ya tatu bado kidogo. Grunya alianza kununa, mgongo unamuuma, akasema hata mkwe wake alikuwa rahisi kuridhika kuliko chuma hiki.

Mara ya nne Fenya alisogeza tochi karibu. Alama ilikuwa katikati ya jino, ndefu kidogo, laini kando, umbo la jani la mbaazi. Mchezo, yaani ule uwazi kati ya meno ya gia mbili, kwa saa ya Eli, ulikuwa unene wa nywele mbili tatu. Akazungusha taratibu akajaribu upande wa pili wa krauni, vivyo hivyo. Akawa amepiga magoti pale, tochi mkononi, na Grunya akaona machozi yanamlengalenga.

"Wee, vipi?"

"Zinaumana," Fenya akasema. "Grunya, zinaumana kabisa."

Pete aliitwa. Alikuja kwa magongo, hatua moja baada ya nyingine, akainama kadiri goti lilivyomruhusu, akatazama lile doa la njano. Hakuelewa anachotazama, lakini alimjua mkewe, akavua kofia.

Jumatano pinioni mpya iliingia kwenye friza, katikati ya mifuko ya pyrahi, vile vimkate vyao vilivyojazwa viazi, na beringi mpya ikaingia kwenye tanuri dogo la maabara yake ya meno. Baada ya saa moja ya kungoja, moja imesinyaa kwa baridi na nyingine imetanuka kwa joto, Fenya akaiachia beringi juu ya pinioni na ikateleza mpaka chini ikalia *tik*. Grunya akaomba waitoe warudie. Fenya akamwambia haitoki tena, ndiyo uzuri wake.

Kisha ikaja nati. Nati ya pinioni hukazwa mpaka kile kibomba kilicho kati ya beringi mbili kikunjwe kidogo, na hakikunjwi kwa adabu. Walifunga spana, wakaipachika bomba la maji refu kuliko Pete, wakazuia kiungo cha propela, ule mhimili unaoleta nguvu ya injini nyuma, kwa bomba jingine. Fenya akaegemea. Haikusogea. Grunya akaning'inia mwishoni, miguu ikaacha sakafu, akabembea pale kama soksi kwenye kamba. Fenya akamwambia ashuke ale mkate aongeze uzito. Wakaning'inia wote wawili, wakihesabu, na nati ikasogea. Wakafurahi mno, wakakaza tena, na tena, na pinioni ikakataa kuzunguka. Wamepitiliza. Kibomba kikishakunjwa kupita kiasi hakinyooki, hutupwa.

Grunya alidhani mambo yameishia hapo. Lakini Fenya akaenda kabatini akatoa kibomba cha pili, aliagiza vitatu. Hajawahi kuanza kinywa cha mtu, alisema, akiwa na seti moja tu ya meno. Safari hii walikaza kama wanaofunga skrubu ya miwani, chembe kwa chembe, wakipima uzito wa mzunguko kila mara, na saa kumi jioni pinioni ilikuwa inazunguka kwa ubishi kidogo tu, jinsi inavyotakiwa.

Alhamisi adhuhuri difu ilikuwa imefungwa, ina mafuta mapya, magurudumu chini. Eli alikuja, alidai anapita tu, ingawa kufika Glade lazima upande kivuko na hakuna anayepita tu. Fenya akawasha gari. Grunya akakaa kando yake, mkanda umefungwa. Waliondoka polepole kwenye kokoto, madirisha wazi, wakisikiliza. Hakukuwa na mlio. Palikuwa na kokoto, na mbwa wa jirani, na Grunya anayepumua kwa mdomo. Fenya akaongeza mafuta, na pikapu, lile lililokuwa likihema, likaruka mbele kama limechomwa pini. Grunya akapiga yowe la sauti ya juu ambalo Eli alilisikia barazani akafikiri ni mkanda wa feni.

Gia mpya hazipewi mzigo siku ya kwanza. Lazima ziende kidogo, zipoe, ziende tena, mpaka meno yazoeane. Kilomita mia nane bila trela. Kwa majuma mawili mawifi hao wakawa na kazi hiyo. Walikwenda kilomita ishirini na tano, wakasimama nusu saa kwenye nyumba ya mtu, na kwa kuwa huwezi kusimama nusu saa kwenye nyumba ya mtu bila kuwekewa meza, walikula pyrahi kila mahali, na maandazi, na tango la chumvi. Fenya akabeba meno ya wateja, akawa anayagawa nyumbani kwao. Mtu wa kivuko akawazoea, akawa anawauliza leo wamekula kwa nani. Grunya aliongezeka kilo mbili, akasema sasa nati yoyote ije.

Siku ya safari waliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu walizoea kuchelewa. Wote watatu walikaa mbele, Pete katikati, goti lake jipya limekaa kando ya kijiti cha gia. Nyuma, trela la jikoni, masufuria yamejaa kabichi, viazi, siagi na krimu. Mlima ulipoanza, Pete alifumba macho kwa mazoea. Alipoyafumbua akatazama dashibodi na kumshika mkewe bega. Mshale ulionyesha kilomita mia moja na kumi kwa saa.

"Fenya, punguza. Utatuua na borshi yetu."

Fenya hakupunguza. Alijua kitu ambacho Pete hakukijua: injini sasa inazungusha propela mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu, na saa ya mwendo inahesabu mizunguko ya propela, kwa hiyo inasema uongo. Walikuwa wanakwenda themanini na kitu. Lakini alikuwa amemwambia Grunya asimweleze, na Grunya, aliyekuwa ameuma kitambaa, alikuwa mwekundu kama nyanya. Lori moja la mbao likawa mbele yao, linajikokota. Fenya akawasha taa ya kuashiria, akatoka, akalipita mlimani, na trela, na masufuria, na Pete anayesali kwa sauti. Dereva wa lori aliwapigia honi. Grunya akashindwa, akaangua kicheko, akamfunulia kaka yake siri yote. Pete akahesabu kichwani, akahesabu tena, kisha akasema hata kama ni themanini, yeye binafsi amepanda mia na kumi na hakuna atakayemnyang'anya.

Hawakusimama hata mara moja. Walipita yale maegesho ya matunda bila kupunguza mwendo, ingawa Grunya aliyatazama kwa uchu. Upande wa pili, gia zilezile zililishika gari kwenye mteremko, breki hazikunuka moto. Walifika Creston mapema mno, lango limefungwa, na mlinzi mmoja tu anayekunywa kahawa garini mwake. Fenya akajiinamisha nyuma ya pikapu, akaweka kiganja kwenye difu. Ilikuwa ya moto kiasi cha kuvumilika. Akamwita Grunya aweke na wake. Walikaa hivyo, wamechuchumaa, mikono juu ya chuma, wanatabasamu kama watu wenye homa.

Saa tano kila mtu alikuwa amefika na foleni ya borshi ilipita kibanda cha soseji. Kati ya wimbo na wimbo, Pete alisimama kwa magongo mbele ya wakulima wawili wa cheri waliotaka kujua trela lile zito limepandaje kwa gari lile. Pete akawaambia ni suala la meno. Zamani yalikuwa arobaini, sasa ni arobaini na moja, na hilo moja ndilo linalovuta.

"Tulifungua difu wenyewe, nyumbani," akasema. "Tulitaabika sana na ile nati."

Fenya alikuwa nyuma yake na upawa mkononi. Alimtazama Grunya ng'ambo ya masufuria. Grunya akamtazama yeye. Kiongozi wa kwaya alikuwa ameshainua mkono kuanza wimbo wa pili, na mawifi wote wawili, sauti ya juu na sauti ya kati, walikuwa wameinamia meza, mabega yanatikisika, hawawezi kutoa hata noti moja.